Alikwenda Wapi Yule Tembo

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitanifikia tena, lakini siwezi kuanza kuzungumza na wewe bila shikamoo, mkono wenyewe ungekataa kuandika. Ni mimi Tatu, mwanao wa Isevya, hapa Tabora mjini, mwenye duka la vitambaa. Huu ni mwaka wa pili umelala Ntalikwa, kando ya shamba lako mwenyewe. Mama yuko hapa kwangu. Hajambo, ila magoti tu, na anakataa kuitumia ile fimbo yako kwa sababu anasema itamfanya aonekane mzee.

Nakuandikia kwa sababu Jumamosi hii, baada ya swala ya alasiri, wanawake kumi na wawili wa kikundi chetu watakuja kukaa kwenye mkeka wangu. Wanataka niwapeleke Thailand wakapande tembo. Si tembo yeyote, wanamtaka yule yule niliyempanda mimi, yule wa kwenye picha. Kuhusu tembo yule, baba, mimi nilisema uongo, na mtu wa kwanza kumwambia uongo huo ulikuwa wewe. Kwa hiyo barua hii ni yako, lakini nitawasomea wao. Kwa mdomo mtupu sitaweza. Najijua, nikianza kusema nitaona nyuso zao, nitageuza maneno, nitaishia kuwakaribisha chai.

Niruhusu nianzie mbali. Unakumbuka likizo ile nilipokuwa darasa la tano, uliponichukua kambi ya asali kule Ugalla? Majirani walikushangaa, mtoto wa kike kwenda kulala porini na warina asali. Ukawajibu kwamba nyuki hawajawahi kumuuliza mtu kama ni wa kike au wa kiume, wanauma tu. Siku mbili za baiskeli, mimi nimekaa nyuma juu ya gunia, madumu matupu yakigongana pembeni, na wewe ukinionyesha kila mti wenye mzinga wako. Ule mninga ulioinama. Ule mtundu wa kando ya kichuguu. Mizinga zaidi ya mia, hukuwa na daftari, na hukuwahi kuusahau hata mmoja.

Siku ya pili, jua la utosi, ulisimamisha baiskeli ghafla nikagonga paji la uso mgongoni mwako. Njiani palikuwa na fungu la kinyesi cha tembo. Ulichuchumaa, ukaweka kiganja juu yake bila kukigusa.

"Bado kina moto," ukasema. "Tumpe njia mwenye njia."

Nilidhani tutakaa kidogo. Tulikaa mpaka kivuli cha baiskeli kikawa kirefu kuliko baiskeli yenyewe, tunatafuna michembe, vile viazi vikavu, na karanga, na wewe umenikataza hata kukohoa. Mwishowe wakapita, mbali sana, migongo tu ya kijivu nyuma ya miti na sikio moja lililopunga. Nikataka tusogee. Ukanishika bega. "Umewaona. Inatosha." Mimi sikuona kama inatosha hata kidogo, nikanuna mpaka kambini.

Kesho yake ilikuwa tuvuke mto kwenda kwenye mizinga ya ng'ambo. Palikuwa na watu wawili wenye mitumbwi. Wa kwanza alikuwa mcheshi, alitupokea kwa "Mwangaluka!" ya furaha, akanichukulia mzigo, akasema, "Mtoto, leo nitakusogeza kwa kiboko mpaka umhesabu meno." Mimi tayari nilikuwa nimeshaweka mguu ndani. Wa pili alikuwa amekaa tu, anatoa maji kwenye mtumbwi wake kwa kibuyu. Ukamuuliza kama leo viboko wapo. Akasema, "Wapo wanapokaa. Tukiwaona tumewaona. Tusipowaona, mtakuwa mmevuka." Ukanitoa kwenye mtumbwi wa kwanza kwa mkono.

Nililia, baba. Nililia machozi ya kweli katikati ya mto, na hatukuona kiboko, tuliona mapovu tu. Ukaniacha nimalize. Halafu ukasema neno ambalo leo ndilo linaloninyima usingizi:

"Anayekuahidi mnyama, Tatu, ama amemfunga ama anakwenda kumchokoza. Usipande chombo chake."

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Ningeweza kulisahau kwa haki kabisa. Ila sikulisahau, na hapo ndipo ubaya wangu ulipo.

Sasa nije kwenye ile safari. Unajua jinsi ilivyotokea: sisi wenye maduka madogo tulipelekwa na wakala mmoja wa Dar es Salaam kwenda Bangkok kuyaona masoko ya vitambaa. Siku mbili za mwisho tukapelekwa kaskazini kutembea, tembo na mto kwa siku moja. Asubuhi, ndani ya gari, mwenyeji wetu akatoa makaratasi mawili yenye picha. Kambi ya kwanza, akasema, hakuna kupanda. Mnasimama ng'ambo, mnawatazama tembo wakila na kuoga wenyewe, na siku nyingine hawatoki msituni kabisa. Kambi ya pili mnapanda, mnavuka nao mto, mnapigwa picha. Uhakika asilimia mia.

Wenzangu wakaniachia mimi nichague. "Si wewe ndiye mtu wa tembo? Si baba yako ndiye mtu wa pori?" Nikaona fahari, nikayashika yale makaratasi. Nakuapia, baba, kidole changu kilikuwa kwenye lile la kwanza. Lile neno la uhakika lilikuwa limeshanigonga pale pale uliponishika bega.

Ila nyuma yangu alikaa Zuhura wa Kariakoo, Mzaramo, na utani wetu na Wazaramo unaujua. Wewe ndiye uliyenifundisha utani huo ulikozaliwa: babu zetu wakishuka pwani na mizigo, wakifika kwa Wazaramo wakaona heri kutaniana kuliko kupigana. Na mtani hakasirikiwi wala hakimbiwi. Zuhura akaliona karatasi langu.

"Wee Mnyamwezi!" akapaza sauti. "Babu zako walibeba pembe mabegani kutoka Tabora mpaka Bagamoyo, leo mwenye pembe mwenyewe anataka kuwarudishia fadhila, wewe unaogopa? Au kwenu mmezoea kubeba tu, kubebwa hamjui?"

Gari zima likacheka. Nikacheka na mimi, nikatafuta jibu la kumrudishia, nikalikosa. Mnyamwezi akikosa jibu mbele ya Mzaramo anafanyaje? Nikampa mwenyeji karatasi la pili. Kwa mzaha tu, baba. Mtu wa kwingine angeulizwa swali lile angesema sipandi na yakaisha.

Tulipandia kwenye jukwaa la mbao, mmoja mmoja. Wangu alikuwa jike. Mgongoni amefungwa kiti cha mbao kwa kamba iliyopita chini ya tumbo na chini ya mkia, na pale kamba ilipopita ngozi ilikuwa imegeuka rangi. Shingoni alikaa mwenye kumwongoza, bwana mwembamba wa makamo, nyayo zimepasuka kama zako wakati wa kiangazi, mkononi ana fimbo yenye ndoano ya chuma. Tukateremka mtoni. Zuhura alikuwa kwenye tembo wa mbele, amegeuka nyuma na simu yake.

Katikati ya mto, maji yakiwa machache, hayafiki hata vifundo vyake, tembo wangu akasimama. Nadhani alitaka kunywa, maana aliuteremsha mkonga majini. Vyelezo vya mianzi vilikuwa vikipita na wageni wanaopiga vigelegele na kumrushia maji. Yule bwana akatazama ng'ambo, alikosimama mkubwa wake, kisha akampiga ndoano nyuma ya sikio. Hakwenda. Akampiga tena. Ukatoka mlio ambao sikuutegemea, ulikuwa mdogo mno kwa mwili ule. Nikaona damu, si nyingi.

Nikasema nishusheni. Nikasema kwa Kiswahili, nikasema kwa Kiingereza changu cha dukani. Bwana yule hakugeuka. Kwenye tembo mtu hashuki kama kwenye baiskeli, baba. Usipofikishwa kwenye jukwaa, uko pale pale juu. Mimi siwezi kushuka, tembo hawezi kunitupa, na yule bwana katikati yetu, akitazama ng'ambo kila mara kama mtu anayeomba ruhusa ya kupumua. Wote watatu tulikuwa tumefungwa, ila mimi peke yangu ndiye niliyejipeleka.

"Tatu!" Zuhura akaita. "Cheka basi, nakupiga picha!"

Nikacheka.

Tulipokwisha kushushwa nilikwenda kutafuta choo, nikapotea njia, nikatokea nyuma ya banda. Alikuwa pale. Kiti kimetolewa, mguu wa mbele umefungwa mnyororo mfupi kwenye nguzo, chini saruji tupu. Alikuwa akiyumba, kushoto na kulia, kushoto na kulia, bila kwenda popote. Nilisimama nikimtazama mpaka wenzangu waliponiita. Mto ulikuwa karibu sana na banda lile, hata mimi niliusikia. Nikarudi garini, nikala embe la kukatwa, nikamwambia Zuhura tembo wangu alikuwa mzuri kuliko wake.

Unajua yaliyofuata Isevya. Picha niliikuza, nikaitia fremu, nikaitundika sebuleni. Watu waliokuwa hawanunui kwangu hata kitambaa cha leso wakaja kuitazama. Nikawa "Bi Tatu wa tembo." Nisikudanganye tena, nililipenda jina hilo.

Nikaileta na kwako Ntalikwa. Ulikuwa umeanza kuumwa, umekaa nje kwenye kiti chako cha kamba, blanketi magotini. Ukaishika picha kwa mikono miwili, ukaisogeza karibu na jicho lako zima, ukaitazama muda mrefu. Nilingoja uniulize kama niliogopa. Nilingoja unisifu, niseme kweli. Ukauliza jambo moja tu:

"Mlipokwisha kushuka, alikwenda wapi?"

"Mtoni, baba," nikasema. "Alikwenda mtoni na wenzake."

"Haya," ukasema, ukanirudishia picha.

Ningeweza kulisahihisha siku ile ile. Nilijiambia mgonjwa hasumbuliwi. Lakini kila nilipokuja na wageni wakawepo, ulianza wewe mwenyewe: "Tatu wangu amepanda tembo nchi za watu. Walipomaliza, yule tembo akaenda... alikwenda wapi vile, Tatu?" Nami nikamalizia, "Mtoni, baba." Ukaitikia, "Haya." Mwenye duka la dawa alisikia. Warina asali wenzako walisikia. Imamu alisikia. Niliona umri umeanza kukuchezea, nikawa nawanong'oneza wageni, "Mzee siku hizi anasahau." Mungu anisamehe kwa neno hilo kuliko kwa yote.

Na ile mara ya mwisho hatukuwa na mgeni. Ilikuwa baada ya adhuhuri, Mama amekwenda kisimani, nakunywesha uji kwa kijiko. Ukanishika mkono. "Alikwenda wapi vile, yule?" Nikasema, "Mtoni, baba. Kunywa uji." Ukafumba macho. Siku mbili baadaye tukakuzika.

Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu kama ile ya babu zetu, kila nikifika kambi naona kuna kambi nyingine mbele. Maana matangani yule rafiki yako wa asali alinishika bega akasema, "Mzee alikuwa na furaha sana na tembo wako." Toka siku hiyo nikajiona nimefungwa kabisa. Nikisema kweli sasa, si mimi tu niliyesema uongo, nitakuwa nimemfanya na marehemu kuwa msimulizi wa uongo, na yeye hayupo kujitetea. Basi nikanyamaza. Nikapangusa vumbi kwenye fremu kila Ijumaa.

Halafu kikundi chetu kikaamua kusafiri, na Bi Chiku mwenyekiti akasema hakuna kwingine ila pale pa tembo wa Tatu. Wote wameshapata pasi za kusafiria. Wapo ambao hawajawahi kupita Tura kwa treni, sasa wanaulizana kama kule kuna baridi.

Nilijaribu kutoka kwa mlango wa uani. Niliandikia kambi tatu, kwa simu yangu mwenyewe, nikitumia ile huduma ya kutafsiri. Niliwauliza wote maneno yale yale: Wageni wanawapanda? Wageni wakiondoka, tembo wanalala wapi, na wamefungwa nini? Na mkitutembeza mtoni, chombo kinawasogelea wanapokunywa? Kambi ya kwanza ilinijibu kwa picha za watu wanaocheka. Ya pili ikasema tembo wao wana furaha sana, kuhusu kufungwa haikusema kitu. Ya tatu ilikawia siku nne. Wakasema hakuna kupanda, hakuna kuwaogesha. Tembo wanalala msituni. Mtumbwi wao ni wa kasia, na tembo wakiwa majini mtumbwi unasubiri mbali mpaka wamalize. Mwisho wakaandika kwamba wanaomba radhi, hawawezi kuahidi kwamba tutawaona.

Nilisoma mstari ule wa mwisho nikalia dukani, mteja akadhani nimefiwa.

Nikawapelekea wenzangu habari. Bi Chiku akanitazama juu chini. "Tupande ndege, tuvuke bahari nzima, tukatazame miti? Miti si iko hapo Ntalikwa?" Wakacheka. Nikasema tembo wanaumizwa kwa kupandwa. Mwingine akadakia, "Wewe si ulipanda? Na wako si alikwenda zake mtoni na wenzake? Marehemu baba yako alisema." Na Bi Chiku akamaliza, taratibu, kwa sauti ya mtu aliyeumia kweli: "Tatu, wewe umeshapanda, una picha ukutani. Sasa unatubania sisi."

Kila neno ambalo lingewasimamisha lilikuwa limekaa nyuma ya ule uongo. Nikasema tutaonana Jumamosi.

Jana asubuhi nikapanda juu ya stuli kuitoa picha. Mama alikuwa amekaa pale chini anapepeta mchele. Akauliza naitoa ya nini. Nikamwambia yote, nikiwa bado juu ya stuli, mgongo wangu kwake, kama mtoto anayeungama huku amegeukia ukuta. Nikamwambia na la kuogopa kukufanya wewe mwongo.

Ungo haukusimama.

"Baba yako alijua," akasema.

"Alijua nini, Mama?"

"Siku ile ile. Aliniambia, 'Mama Tatu, mtoto wetu ametazama kamera, mimi nimetazama mguu. Mguu ule una alama ya mnyororo. Tembo wa mnyororo haendi mtoni kwa kutaka kwake.'"

Nikashuka. Nikamuuliza, sasa mbona aliwasimulia watu? Mbona aliwasimulia kila mgeni?

Mama akaweka ungo chini. "Aliwasimulia lini wewe hupo?"

Nikatafuta, baba. Nimetafuta jana kutwa na leo kutwa. Sikupata hata mara moja. Kila aliyeisikia hadithi ile, alinisikia mimi nikiimalizia. Neno mtoni wewe hukulitamka kamwe, uliniuliza tu, ukanipa nafasi, ukasema haya. Mama akasema, "Na wewe unawaambia watu mzee anasahau. Yule asahau? Yule aliyejua kila mzinga uko mti gani?" Kisha akaurudia mchele wake, kwa sababu hakuwa na zaidi ya kuniambia.

Kwa hiyo Jumamosi nitasoma. Sijui itakuwaje. Huenda Bi Chiku akawachukua wenzake wakaenda pale pale bila mimi, pasi wanazo na jina la kambi wanalijua, mimi ndiye niliyewapa. Huenda wengine wakakubali kukaa kwenye mtumbwi wa kasia na kuona mapovu. Jina la Bi Tatu wa tembo litabaki, ila litasemwa kwa namna nyingine, na Isevya ni ndogo. Picha nimeigeuza, imeegemea ukuta. Nitaigeuza tena nikifika kwenye mguu, niwaonyeshe.

Mama anakusalimu. Warina asali wenzako bado wanaitunza mizinga yako ya Ntalikwa, mwaka huu asali ilikuwa nyeusi na nzito, ungeipenda. Lala salama, baba, na pokea jibu langu, ingawa nimelichelewesha mpaka muulizaji ameondoka.

Uliniuliza alikwenda wapi. Hakwenda mtoni. Alirudishwa bandani, akafungwa mguu wa mbele kwa mnyororo mfupi, akasimama juu ya saruji, akiusikia mto.

Mwanao,
Tatu